Souq Waqif, Deira au Mutrah: ukiwa na siku moja Ghuba, uende soko lipi?

Safari nyingi kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar au Entebbe hupitia Ghuba, iwe mtu anakwenda Ulaya, China au Makka. Wengi hujikuta na saa kadhaa za kusubiri ndege, na wengine hujiongezea siku moja au mbili makusudi. Hapo ndipo swali huja: kati ya Souq Waqif la Doha, masoko ya Deira kule Dubai, na soko la Mutrah mjini Muscat, niende lipi?

Kumwambia mtu "yote mazuri" hakumsaidii. Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili. Ukiwa na saa chache tu kati ya ndege mbili, Souq Waqif. Ukinunua dhahabu, au ukitafuta mzigo wa biashara, Deira. Ukiwa na siku nzima na unataka soko ambalo mtu wa Mji Mkongwe, Mombasa au Lamu atajiona yuko kwa ndugu zake, Mutrah. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sitaficha upendeleo huo. Kipimo ninachotumia kwa yote matatu ni kimoja: wenyeji wenyewe bado wananunua nini pale?

Ukale wao

Souq Waqif limezungukwa na Doha ya minara ya vioo. Ukiingia unakuta kuta za rangi ya udongo, boriti za miti zilizochomoza nje, dari za mianzi na mikeka. Sehemu kubwa ya unachokiona ni kazi ya ukarabati. Soko lilianza zamani kando ya bonde la maji, Mabedui wakileta mifugo, sufi na samli, lakini kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limechakaa, na mwaka 2003 moto uliunguza sehemu yake. Likaamuliwa lirudishwe katika sura yake ya zamani: majengo ya kisasa yaliyoingilia yakabomolewa, mabati yakaondolewa, mbao na mianzi zikarudi. Kazi ilikamilika mwaka 2008. Wapo wanaoliita soko la maonyesho, na mimi naona wanalionea. Mji uliokuwa ukibomoa vya kale kwa kasi uliamua kuokoa kimoja, na watu wake wakakijaza. Wakati wa Kombe la Dunia la 2022 hapo ndipo mashabiki wa kila nchi walipokusanyika usiku.

Deira haijapambwa kiasi hicho. Ni mtaa wa kazi ulio ukingoni mwa hori la Dubai, wenye masoko kadhaa yanayopakana: la dhahabu, la viungo, la manukato, na nyuma yake mitaa ya jumla. Soko la dhahabu lina paa la mbao juu ya barabara, basi ukivuka barabara chache uko kwenye magodauni. Ukingoni utaona majahazi ya mbao yamefungwa ubavu kwa ubavu, yanapakiwa friji, matairi na makatoni. Ukitaka kuona biashara ya Bahari ya Hindi ikiendelea mbele ya macho yako, hapo ndipo ilipo.

Mutrah ndilo lililobaki na umbo lililokua lenyewe. Mbele bahari, nyuma majabali ya mawe makavu, juu ngome iliyojengwa na Wareno katika miaka ya 1580. Vichochoro vimefunikwa, vinapanda na kushuka, vinakata kona bila mpango wowote. Zamani watu walilijua kama soko la giza, kwa kuwa jua halikupenya na mtu alihitaji taa mchana. Sasa taa zipo na dari zimerembwa, lakini kupotea utapotea tu, na ni vizuri upotee.

Nani ananunua, na ananunua nini

Hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa sababu kila soko kati ya haya lina uso wa mgeni na uso wa mwenyeji, na wengi huondoka wameuona wa kwanza pekee.

Souq Waqif, barabara kuu ya migahawa na shisha ni ya kila mtu. Waqatari wenyewe utawakuta kwenye vichochoro vya pembeni: wanapima majoho ya harusi, wananunua asali, viungo vya magunia, kamba na sufuria kubwa za karamu. Utawaona hamali wazee wenye fulana za rangi ya damu ya mzee wakisukuma wilbaro nyuma ya akina mama wanaonunua mahitaji ya nyumbani. Halafu kuna soko la kozi, wale ndege wa kuwindia. Sijaona jambo kama hilo Dubai wala Muscat ndani ya soko la mjini: ndege wamekaa mstari kwenye vigingi vyao, macho yamefunikwa kwa vikofia vya ngozi, na wanaume wenye kanzu nyeupe wanawabeba mkononi kuwapima uzito na mabawa. Jirani yake kuna hospitali ya kozi, yenye wagonjwa wake na madaktari wake. Ukiwa na mtoto, mlete hapa kabla ya kitu chochote kingine.

Deira, mnunuzi mkuu si Mwarabu wa Dubai. Ni Mhindi, Mpakistani, Muirani, Msomali, Mnigeria, Mkongomani, Mtanzania. Mitaa ya soko la Murshid na Naif imewalisha wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh kwa miaka mingi: vitambaa, mashungi, viatu, vipodozi, vifaa vya simu. Kuna ofisi za kusafirisha mizigo ambako unaweza kumaliza shughuli yako yote kwa Kiswahili. Ukitembea kama mtalii, barabara ya mbele itakuchosha, maana kila hatua mtu anakuitia saa au mkoba, na wengine watataka uwafuate juu ghorofani kwenye chumba cha nyuma. Usiwafuate. Bidhaa hizo ni bandia na si halali. Ingia mitaa ya nyuma, uone jinsi mwenye duka anavyoongea na mteja aliyekuja kununua dazeni hamsini. Huko hakuna anayekuvuta mkono.

Mutrah, lango linalotazama bahari ndilo lango la meli za watalii. Bandari iliyo jirani ilihamishia mizigo yake Sohar mwaka 2014, na tangu hapo meli za abiria ndizo zinazotia nanga pale. Kwa hiyo maduka ya mwanzo yamejaa shali, ngamia wa kuchonga na sumaku za kubandika kwenye friji, na wauzaji wengi ni watu wa Bara Hindi. Ukiishia hapo utasema hakuna jipya. Endelea ndani, panda, pita mahali ambapo shali zimekwisha. Sasa unakutana na mama wa Kiomani anayechagua kitambaa kwa ajili ya mavazi ya harusi, mzee anayetengenezewa mkanda wa jambia, kijana anayejaribu kofia moja baada ya nyingine mbele ya kioo kidogo.

Zile kofia zitakusimamisha. Ni ndugu wa kofia za Unguja, Mombasa na Lamu: za duara, za kitambaa cha pamba, zimetobolewa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Waomani wameziweka katika vazi lao la kila siku. Chukua moja, igeuze ndani nje. Ya mashine itakuonyesha nyuzi zilizorukaruka kwa mistari mirefu upande wa ndani, na vitundu vyake vyote vitakuwa sawasawa. Ya mkono, ndani karibu ni safi kama nje, na ukiishika kwenye mwanga vitundu vinatofautiana kidogo kwa ukubwa. Bei ya ile ya mkono itakuwa mara kadhaa ya ile ya mashine, na ni haki, kwa kuwa kofia moja ya mkono humchukua mshonaji wiki kadhaa na zaidi.

Na Kiswahili utakisikia. Familia nyingi za Muscat zina asili ya Zanzibar na mwambao. Wengine walihama baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi walirudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Ukimsikia mzee mwenye fimbo anazungumza Kiswahili na mwenzake dukani, mpe shikamoo yake. Hakuna kitakachokufungulia soko lile kuliko hiyo. Utaulizwa wa wapi, mtaa gani, watu gani, na kuna uwezekano mkubwa mtapata jina mnalolijua wote wawili.

Dhahabu: hapa Deira haina mpinzani

Dhahabu ipo kote. Doha ina jengo lake la dhahabu jirani na Souq Waqif, na Mutrah ina kichochoro kizima. Lakini Deira ina maduka mengi sana yaliyokaa ubavu kwa ubavu, na wingi huo ndio unaokupa nguvu ya kupatana. (Dirishani mwa duka moja kuna pete iitwayo Najmat Taiba, ya karati 21, yenye karibu kilo 59 za dhahabu. Kila mtu hupiga picha hapo. Piga yako uendelee.)

Jambo la kujua kabla ya kuingia ni kwamba bei ya dhahabu yenyewe haibishaniwi. Hutangazwa kila siku kwa gramu, kwa karati 24, 22, 21 na 18, na maduka huibandika ukutani. Unachobishania ni ujira wa fundi, ambao huongezwa juu yake. Chukua mfano wa hesabu: bangili ya karati 22 yenye gramu 12, siku ambayo gramu ni dirhamu 400. Dhahabu ni dirhamu 4,800. Muuzaji anataka ujira wa dirhamu 30 kwa gramu, yaani 360, jumla 5,160. Ongeza kodi ya asilimia 5, utalipa 5,418. Ukimshusha ujira hadi 18 kwa gramu, jumla pamoja na kodi inakuwa kama 5,267. Umeokoa dirhamu 151 bila kugusa bei ya dhahabu. Mtu aliyekwambia "nimekupunguzia dhahabu" huku hataki kutaja ujira, ondoka. Duka la pili liko hatua mbili mbele.

Angalia mhuri: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Kama kuna vito, uliza uzito wake umetolewa au umepimwa pamoja na dhahabu. Dai risiti yenye kila kipengele peke yake. Kodi hiyo ilianza Dubai mwaka 2018, na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ikiwa duka limo katika mpango wa marejesho: onyesha pasipoti unaponunua, kisha thibitisha bidhaa uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mabegi.

Zafarani pia watu huifuata Deira, nyingi ikitoka Iran. Tia nyuzi mbili tatu kwenye maji baridi. Ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikimwaga wekundu papo hapo, imepakwa rangi.

Lubani na udi: hapa nenda Mutrah

Lubani huuzwa masoko yote matatu, lakini Oman ni mojawapo ya nchi inakotoka, katika milima ya Dhofar kusini, na Mutrah utaikuta imewekwa kwenye magunia kwa daraja. Ile ya kahawia, yenye vumbi na vipande vya maganda, ni ya kufukizia tu na ni rahisi. Kadiri inavyozidi kuwa nyeupe na angavu ndivyo bei inavyopanda, na ya juu kabisa, hojari yenye ukijani kidogo, huuzwa kama kito. Ishike kwenye taa uone kama mwanga unapita. Isugue kati ya vidole: nzuri inatoa harufu ya ndimu hata kabla ya moto. Kisha mwombe muuzaji aiweke kwenye chetezo. Moshi wake uwe mweupe na mwepesi, usikwaruze koo. Waomani huloweka ile ya kijani usiku kucha na kunywa maji yake asubuhi, ndiyo maana hawakubali iliyo chafu, na muuzaji akijua unafahamu hilo atakutolea kopo la chini ya meza.

Udi na bukhuri, ningesema Doha na Muscat zinalingana, Deira ina aina nyingi zaidi lakini na za ovyo nyingi zaidi. Vyombo vya fedha na majambia ya kale ni Mutrah pekee, ingawa vingi vinavyoitwa vya kale vimetengenezwa juzi. Nunua kwa sababu umekipenda.

Chakula

Souq Waqif linashinda kwa mbali. Migahawa ya Kiiraki, Kishami, Kimoroko na ya Qatar yenyewe imejipanga, na jioni za majira ya baridi akina mama huuza vyakula vya nyumbani uwanjani, pamoja na luqaimat, ambazo mtu wa pwani ataziita kaimati bila kufikiri mara mbili. Chai ya karak, yenye maziwa na iliki, inapatikana kila kona. Deira unakula vizuri na kwa bei nafuu kwa Wahindi, Wairani na Waafghani. Mutrah yenyewe haina mengi ndani ya soko, ila mishikaki ya barabarani na halua. Halua onja kwanza, ndivyo desturi ilivyo: wanakuchotea kijiko, ya zafarani, ya asali, ya sukari nyekundu, mpaka ukate shauri. Asubuhi tembea hadi soko la samaki lililo ufukweni hapo hapo uone jodari na nguru walivyopangwa.

Kufika, na pesa

Doha ndiyo rahisi. Treni ya metro kutoka uwanja wa ndege inakwenda Msheireb, unabadili kwenda kituo chenye jina la soko lenyewe, chini ya nusu saa jumla, na nauli ya safari moja ni riali 2. Dubai pia ina metro kutoka uwanjani: shuka Union, badili upande treni ya kijani hadi kituo cha Gold Souq au Al Ras. Ukitaka kuvuka hori kwenda masoko ya vitambaa ya Bur Dubai, panda abra, mashua ndogo ya kuvushia watu, kwa dirhamu 1. Dakika hizo chache juu ya maji, ubavuni mwa majahazi, ni nzuri kuliko matembezi mengi ya kulipia. Muscat haina treni. Uwanja wa ndege uko kilomita 30 na zaidi kutoka Mutrah, kwa hiyo ni teksi, au basi la kampuni ya Mwasalat kupitia mtaa wa Ruwi kwa mwenye muda. Ndiyo maana siwashauri Mutrah wenye saa nne tu.

Jihadhari na hesabu Oman. Riali moja ya huko ni takriban dola 2.60, na imegawanywa baisa 1,000. Mtu aliyezoea shilingi za maelfu akisikia "kumi na tano" huona bure, kumbe ametajiwa karibu dola 39. Riali ya Qatar na dirhamu ya Dubai ziko karibu sana, kila dola ni kama 3.64 na 3.67.

Kupatana bei ni kawaida kote, lakini kwa namna tofauti. Deira anza chini sana, wao wameanza juu sana. Mutrah salimia kwanza, uliza hali, kaa, kisha taja bei yako. Ukienda moja kwa moja kwenye bei utaonekana huna adabu, na meli ya watalii ikiwa bandarini bei hazishuki, rudi jioni. Souq Waqif punguzo ni dogo, na vitu vya nyumbani mara nyingi vina bei moja kwa wote.

Na wazee au mtu wa kiti cha magurudumu? Waqif. Ni tambarare, lina mabenchi na vyoo safi. Mutrah ina miinuko na vichochoro vyembamba, na Deira kuna kutembea kwingi barabarani.

Saa za kwenda

Maduka mengi ya Doha na Mutrah hufungwa tangu adhuhuri mpaka saa kumi hivi alasiri, na Ijumaa asubuhi hufungwa kabisa hadi baada ya sala. Deira hukaa wazi zaidi, ila nako Ijumaa mchana kumetulia. Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, hivyo nenda usiku. Novemba hadi Machi ndiyo miezi mizuri. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, hasa akina mama.

Kama siku yako ya pekee Oman imeangukia Ijumaa, usikae hotelini kungoja Mutrah ifunguliwe. Toka alfajiri uende Nizwa, kama kilomita 150 ndani ya nchi, kwenye mnada wa mifugo wa Ijumaa. Wanunuzi husimama duara, wauzaji huzungusha mbuzi zao katikati wakitaja bei kwa sauti, na anayetaka humshika muuzaji mkono wakati anapita, akamkagua mnyama meno, wakapatana palepale. Mnada huisha mapema asubuhi. Utakuwa na muda wa kutosha kurudi, kupumzika, na kuingia Mutrah saa kumi na moja jioni.